Vipande vya Hiari

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa mbili asubuhi, Chisala alitundika mifuko miwili kwenye mizani ya samaki pale Kashikishi, mmoja baada ya mwingine. Mfuko mwekundu, ulioandikwa LAZIMA, ulikuwa na kilo arobaini na moja. Mfuko wa manjano, ulioandikwa HIARI, ulikuwa na kilo kumi na tisa. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na flashi chache tu, hata moja haizidi kidole gumba. Aliandika uzito huo kwenye karatasi ya safari kama kila wiki, akijua kwamba ofisini wangeufuta na kuandika sufuri.

Pwani hii ya Ziwa Mweru hakuna asiyejua kwamba vipande vya programu vina uzito. Flashi tupu inapeperushwa na upepo. Ijaze vipande, inapasua mfuko wa suruali. Febby, mwenye mizani, anauza chisense, wale dagaa wa ziwa hili, na anajua kwamba vidogo vikiwa vingi vinavunja mgongo. Alimsaidia Chisala kunyanyua mifuko bila kuuliza kitu. Waliokuwa hawajui ni wale walioandika taratibu za Mradi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwao vipande havikuwa na uzito wowote, kwa hiyo mbebaji alipewa baiskeli.

Mradi wenyewe ulikuwa umeleta laptopu nane: tano kwenye makazi ya wakimbizi, tatu kwenye shule ya kisiwa cha Chisenga. Kila moja ilikuwa na programu ya kuundia programu nyingine, ili watu wajifunze kazi ya kisasa. Programu hiyo ilikuja mifupa mitupu. Nyama yake, yaani vipande vya nyongeza, ilibidi iombwe kwa fomu, ipakuliwe ofisini Nchelenge ambako mtandao upo, ijazwe kwenye flashi, ipelekwe kwa mkono. Na kipande hakisafiri peke yake. Kila kimoja kina vitegemezi vyake, na vitegemezi navyo vina vitegemezi, kama mgeni uliyemwalika peke yake akafika na mama mkwe, mashemeji na kuku wao. Ukiacha kitegemezi kimoja nyuma, kipande kinakaa ndani ya mashine kimenuna na hakifanyi kazi.

Chisala alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini alinunua samaki kwenye kambi za Chisenga, mpaka samaki wakawa wadogo na wachache, akaacha. Kazi hii alipewa kwa sababu anamjua kila mwenye boti, na kwa sababu Kiswahili chake cha biashara kinatosha kuongea na Wakongomani bila kugombana. Siku ya kwanza Taonga, msichana wa ofisini aliyetoka Lusaka, alimweleza habari za mifuko kwa Kibemba cha kuungaunga. Mwekundu ni wa vipande vya lazima; bila hivyo programu haifunguki. Wa manjano ni wa vipande vya hiari. Ni vizuri kuwa navyo, lakini mtu anaweza kuishi bila hivyo.

"Ah, mbasela," alisema Chisala.

Taonga alifikiri kidogo, akakubali kwamba ndiyo, ni kama mbasela.

Mbasela ni lile konzi la juu. Unaponunua chisense, muuzaji akishajaza kipimo, anaongeza konzi moja la bure. Wakongomani wanaliita matabishi. Muuzaji asiyeongeza ana roho mbaya, na mnunuzi asiyedai ni mgeni wa hapa. Chisala alifurahi kwamba kazi mpya ina mambo anayoyaelewa.

Wiki ile, karibu mfuko mzima wa manjano ulikuwa wa mtu mmoja. Jina lake Angèle, mwanamke wa miaka thelathini na minane, fundi cherehani, lakini kwenye makazi hakuna aliyemwita hivyo. Wote walimwita Mama Princesse, ingawa huyo Princesse hakuna aliyemwona.

Miaka minane iliyopita, vita vilipowafukuza, walivuka ziwa kutoka Kilwa, ile ya upande wa Kongo, kwa boti mbili. Ya kwanza ilijaa, Angèle akiwa ndani na mama yake mgonjwa. Princesse, mwenye miaka sita, alibaki mchangani na jirani yao, Mwenya. Mwenye boti ya pili alisema huyu mtoto hatamlipisha, ni mdogo, atakaa juu ya mizigo. Boti ya kwanza ilifika Nchelenge. Ya pili, watu walisema, ilifika kaskazini, upande wa Chienge. Wengine walisema ilifika kusini, karibu na mdomo wa Luapula. Mmoja aliapa kwamba aliiona Mofwe, ambako boti ya namna ile haiwezi kufika. Kwa kuwa ilikuwa imefika mahali pengi namna hiyo, Angèle aliamini kwamba imefika mahali fulani.

Siku zile makarani waliwaandika waliofika kwa mkono, kwenye daftari za shule, papo hapo ufukoni. Baadaye daftari zilipigwa picha, kurasa elfu nne mia moja na kumi na mbili, zikawekwa kwenye diski moja. Ili kulinda siri za wakimbizi, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzisoma. Mashine iliruhusiwa. Angèle aliomba mara sita asome mwenyewe, akajibiwa mara sita, kwa heshima. Ndipo alipoweka cherehani pembeni na kujifunza kuunda programu. Ilimchukua miaka miwili. Programu yake ilikuwa na kazi moja tu: kufungua kila ukurasa, kusoma majina, na kusimama palipoandikwa Princesse Chabu.

Kilichopungua ni kipande kimoja, kile cha kusoma maandishi ya mkono, na vitegemezi vyake kumi na kimoja. Kiliwekwa kwenye kundi la hiari kwa sababu huko kinakotengenezwa hakuna mtu anayeandika majina ya watu kwa kalamu mchangani. Na muda ulikuwa unakwisha. Kanuni ya siri inasema habari za mtu zisikae zaidi ya miaka minane, hivyo diski ingefutwa tarehe thelathini Novemba, saa kumi na moja jioni.

Mwezi wa Oktoba, Chisala alipokwenda kuchukua fomu, Angèle alikuwa ameijaza yote isipokuwa mstari mmoja.

"Papa Chisala, hii karatasi inaniuliza kama hiki kipande ni cha lazima. Niandike nini?"

"Andika kweli, mama."

"Kweli ni ndiyo."

Akaandika Ndiyo. Ofisini, Taonga aliifunika kwa wino mweupe, maana kitabu cha Mradi kilisema ni cha hiari, na kitabu kilikuja kabla ya Angèle. Taonga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikumbuka siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote, hata za mlinzi.

Ratiba ilikuwa Jumanne Chisenga, Jumatano makazi ya wakimbizi. Mtu mwenye akili angeacha mzigo wa Jumatano nyumbani. Lakini utaratibu ulisema mbebaji na mifuko wasitengane hata saa moja, na Chisala, ambaye hakuwahi kupata kazi yenye utaratibu, alikuwa anauheshimu. Kwa hiyo Jumanne mifuko yote miwili iliingia kwenye boti ya André, Mkongomani mwenye injini ya zamani na sauti kubwa, pamoja na magunia ya unga, madumu ya mafuta na wanawake wawili waliokuwa wanarudi kambini.

Saa sita mchana upepo uligeuka. Ziwa la Mweru halina hodi. Lilikuwa limelala, mara likasimama. Wimbi la tatu liliingia ndani ya boti, la nne likakaa.

"Papa, tupa kitu!" André alipiga kelele. "Tupa, tunakufa!"

Ziwa hili lina sheria yake ya kutupa, na Chisala aliifundishwa na mjomba wake akiwa bado hajaota ndevu. Kwanza inaondoka mbasela, kitu ambacho hakuna aliyekilipia. Kisha samaki. Kisha nyavu. Mtu hatupwi. Sheria hiyo imeokoa wengi, na uzuri wake ni kwamba haikupi nafasi ya kufikiri. Unga ulikuwa umelipiwa. Mafuta yalikuwa yamelipiwa. Mkono wa Chisala ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa manjano, ukausukuma. Mfuko ulizama moja kwa moja kama jiwe la kusagia. Kilo kumi na tisa si nyingi, lakini boti ilipanda kiganja kizima, na nusu saa baadaye ziwa lilikuwa limelala tena. Mmoja wa wale wanawake alimpa Chisala kipande cha muhogo. Alikuwa amekimaliza alipokumbuka mfuko ulikuwa wa nani.

Jumatano aliendesha baiskeli mpaka makazi. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kusema, na hakuipata. Angèle alikuwa ameshafungua laptopu, ameshafagia meza.

"Mama Princesse, mukwai, ya kwako sina," alisema, kwa lile neno la heshima la Kibemba.

"Iko wapi?"

"Mu maji."

Akamweleza yote, na sheria nayo akaieleza, kwa sababu hakutaka aonekane mtu wa kutupa ovyo.

"Ziwa iko na sheria, mama. Boti ikikunywa maji, cha bure njo kinaenda kwanza. Kisha samaki. Kisha nyavu. Mutu, hapana."

"Na kipande yangu ilikuwa ya bure?"

"Iliandikwa hiari."

Angèle hakupiga kelele. Chisala alitamani sana apigiwe kelele, hata atukanwe mama yake. Badala yake aliletewa maji ya kunywa kwenye kikombe cha maua, cha wageni, akayanywa kwa aibu mpaka tone la mwisho. Kisha Angèle alijaza fomu nyingine.

Fomu hiyo ilirudi baada ya siku tano. Ilisema kipande hicho kimekwisha kutolewa, na mtu hapewi mara mbili. Chisala aliandika taarifa ya upotevu. Taarifa nayo ilirudi, safari hii na maelezo: kwa mujibu wa karatasi ya safari, uzito wa mfuko ulikuwa sufuri, na kitu kisicho na uzito hakiwezi kutupwa ili kupunguza uzito. Taonga alimsomea maelezo hayo mara mbili. Alisema anaona yana mantiki, na kwamba anasikitika sana. Maombi mapya yangefikiriwa robo ya kwanza ya mwaka.

Tarehe kumi na nne Novemba, Febby alimwaga chisense wake wabichi juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, akaenda kunywa chai. Aliporudi walikuwa wamejipanga kwa mistari. Mstari wa pili kutoka juu ulisema Musonda Kapya. Huyo alikuwa kaka yake, aliyezama zamani, mwaka ambao Febby aliolewa.

Chisala alipopita alimkuta amechuchumaa pale.

"Mwandiko wake mbaya vilevile," alisema Febby. "Shuleni alikuwa anapigwa kwa hiyo K."

Alimwanika kaka yake mpaka akakauka, akamuuza pamoja na wengine Ijumaa, maana ziwa lilikuwa karibu kufungwa na watoto wanakula kila siku.

Baada ya hapo ikawa kila asubuhi, kwenye nyavu za wauzaji wote, kutoka gatini mpaka mwisho wa mchanga. Majina ya wavuvi, majina ya wachuuzi, majina ya Kifaransa ya watu wa ng'ambo, kila moja kwa mwandiko wa mwenyewe. Haikuchukua muda watu kuelewa kwamba hiyo ilikuwa orodha ya ziwa. Kipande kilikuwa kimefika chini na vitegemezi vyake vyote kumi na kimoja, kikakaa sawasawa, kikaanza kusoma kilichokuwemo. Majina hayakufuata herufi, kwa kuwa kipande cha kupanga kilikuwa kwenye mfuko mwekundu, nao haukutupwa. Kanisani majina mapya yalisomwa Jumapili baada ya matangazo ya ndoa. Wanunuzi kutoka Mwansabombwe walinung'unika kwamba chisense wa kwenye mistari wanakauka upande mmoja tu, wakataka waongezewe mbasela, wakaongezewa.

Chisala ndiye aliyempelekea Angèle habari. Hakuweza kutompelekea. Kuanzia siku hiyo alimpakia kwenye baiskeli kila alipoweza, na siku nyingine Angèle alipanda lori la mkaa. Alifika saa mbili, akavua viatu, akapita katikati ya nyavu akisoma mstari kwa mstari, mikono mgongoni. Kazi hiyo ilimchukua saa tatu. Alipomaliza, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuungama.

"Haiko," alisema. "Aksanti Mungu, haiko."

Kisha alirudi kwenye makazi kungoja kesho. Chisala hajawahi kuona furaha inayotisha namna ile. Kila jina la mtoto wa mwingine lilimpa Angèle siku moja zaidi, naye aliona haya kwa hilo, akawa ananunua chisense kidogo kwa kila muuzaji ili asionekane anasoma bure.

Taonga alikuja na simu nzuri, akapiga picha nyavu kumi na mbili, akazituma juu. Jibu lilikuja siku ileile, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Lilisema orodha iliyotoka nje ya mfumo si rasmi. Ili mfumo uipokee, programu inahitaji kipande cha kupokelea orodha zisizo rasmi. Kipande hicho kipo. Ni cha hiari. Kiombwe kwa fomu.

Tarehe ishirini na tisa Novemba, kwenye wavu wa mwisho kabisa karibu na mitumbwi, Angèle alisimama muda mrefu. Jina lilikuwa la Mwenya, yule jirani. Hapakuwa na jina la mtoto kando yake, wala juu, wala chini. Angèle alikagua mpaka jua likamchoma shingo.

"Alimupatia mutu," alimwambia Chisala njiani, nyuma ya baiskeli. "Mbele ya kuzama, alimupatia mutu. Mwenya hakukuwa mujinga."

Chisala aliendelea kukanyaga pedali. Alisema ndiyo, Mwenya hakuwa mjinga.

Kesho yake, siku ya diski, alikaa naye kwenye chumba cha laptopu. Angèle aliwasha programu yake saa tatu asubuhi ingawa alijua. Ilifungua ukurasa wa kwanza, ikaandika: siwezi kusoma. Ikafungua wa pili, ikaandika: siwezi kusoma. Ilikuwa programu nzuri, haikuchoka, haikuruka hata ukurasa mmoja. Chini ya kila jibu iliongeza kwa adabu kwamba kuna kipande cha hiari kinachoweza kusaidia. Angèle alisoma kila jibu kama alivyosoma nyavu, asikose hata moja. Saa kumi na moja jioni, ikiwa kwenye ukurasa elfu tatu na kitu, diski ilijifuta. Mashine ilishukuru kwa kutumia huduma.

Siku iliyofuata serikali ilifunga ziwa, kama kila mwaka, ili samaki wazaane. Miezi mitatu hakuna wavu majini na hakuna chisense mchangani. Mvua zilinyesha. Asiyekuwepo na lake halipo, na Princesse hakuwepo mahali popote: hakuwa kwenye diski kwa sababu diski haikuwepo tena, hakuwa ziwani kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa. Kwenye kadi ya familia ya Angèle aliandikwa bado kama mtoto ambaye hajafika. Angèle alirudi kwenye cherehani akashona sare za shule. Chisala alipopita na mifuko, alimkuta mara mbili ameshona gauni dogo ambalo hakuna aliyeliagiza, la mtoto wa miaka sita. Mara ya tatu lilikuwa kubwa zaidi, la msichana wa miaka kumi na minne. Alijua hesabu, mama huyo. Chisala alikwenda nyuma ya choo cha makazi akalia kidogo, akapangusa uso, akaendelea na safari.

Ziwa lilifunguliwa Machi. Wiki hiyohiyo kipande kiliidhinishwa. Taonga alikijaza kwenye flashi mwenyewe, na vitegemezi vyote, akavihesabu mara mbili kwa kidole, akamkabidhi Chisala mfuko wa manjano kama anayemkabidhi keki.

Chisala alifika kwenye mizani asubuhi ya tatu ya msimu. Febby hakumsalimu. Alimwonyesha tu wavu wake kwa kidevu.

Katikati ya wavu kulikuwa na neno moja. Herufi zilikuwa kubwa na za kupanda kilima, kila moja ikimsukuma mwenzake, na S ya pili ilitazama nyuma. Halikufuatwa na jina la ukoo. Ungesema mwandishi alikuwa hajafundishwa bado.

"Nimewafukuza bata," alisema Febby. "Nimewaambia na wengine wasikanyage hapa."

Walingoja pamoja, wakiwa wamesimama. Lori la mkaa lilifika saa mbili na nusu. Angèle alivua viatu kama kawaida yake na kuanza na wavu wa kwanza, mikono mgongoni. Hakuna aliyemwita. Alisoma nyavu nne zote bila kukosa mstari, kisha akafika kwenye wa Febby.

Alipiga magoti. Hakuligusa.

"Hiyo S," alisema baadaye. "Kila siku nilikuwa namugombeza juu ya hiyo S."

Febby alitandika kitenge chake mchangani na kukaa kando yake. Chisala alibaki na mfuko mkononi, nao ulikuwa mzito, wala hakujua pa kuuweka. Alitaka kusema kwamba kama asingetupa kile kipande mwaka jana, daftari zingesomwa. Alipofika katikati ya wazo hilo aliona kwamba daftari zingesomwa zote na Princesse asingekuwemo, na Angèle angejua tu kwamba hayumo. Hakukuwa na msamaha pale, si kwa kutupa wala kwa kutotupa.

"Papa Chisala."

"Mukwai."

"Ulinambia Novemba. Cha bure njo kinaenda kwanza."

"Nilisema mutu hapana, mama. Mutu, hapana."

"Ulisema." Angèle alikuwa bado anatazama herufi. "Ule wa boti alisema huyu mutoto ni matabishi, nitamubeba bure. Alimukalisha juu ya mizigo."

Chisala alihamishia mfuko mkono wa pili. Alikuwa amekaa na watu wa ziwa miaka ishirini na hajawahi kuona mtu akitupwa. Alijua pia kwamba waliowahi kuona hawasimulii.

"Mi nilimupigia magoti," alisema Angèle. "Nilimushika mikono mbili, nikamwambia aksanti, baba, Mungu akuongezee."

Jua lilikuwa limepanda na chisense walianza kukakamaa. Febby aliuliza kwa sauti ya chini kama awakusanye. Angèle aliitikia kwa kichwa. Febby aliwaokota mmojammoja, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, akawatia kwenye kopo la kupimia. Hawakufika hata nusu. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda kwenye wavu wa jirani kuchota konzi la kuongezea, na Angèle akaukamata.

"Hapana. Usichanganye."

Alivua kitambaa cha kichwani, akawafunga humo. Ndipo Chisala alipokumbuka kwamba ana kazi. Alitoa flashi, na karatasi ya kupokelea, na kalamu. Angèle alisaini kwamba kipande kimefika kikiwa kizima, na vitegemezi kumi na kimoja, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Nipe fomu," alisema. "Ile ya kupokea liste, orodha ya ziwa."

"Itachukua miezi, mama."

"Hapana mubaya. Ninataka bamuandike. Hata mu wale bamekufa, bamuandike. Asibakie mutoto mwenye hajafika."

Chisala alikuwa nayo kwenye mkoba. Ilikuwa toleo jipya. Mradi ulikuwa umeona kwamba waombaji wengi wanakosea kwenye ule mstari unaouliza kama kipande ni cha lazima, ukawasaidia: jibu lilikuwa limekwisha kupigwa chapa, Hapana, na mwombaji alibakiziwa sahihi tu. Angèle alilisoma. Alipangusa mkono kwenye sketi, akasaini chini yake kwa mwandiko mzuri, ule aliokuwa anamfundishia mtoto.

Lori la mkaa lilimchukua saa tano. Chisala alitundika kwenye mizani mfuko wa manjano, uliokuwa umebaki na flashi mbili za Chisenga, akasoma kilo saba, akaandika saba. Kisha akashuka mpaka kwenye boti. André alikuwa ameshapakia unga na mafuta, injini inakohoa. Aliupokea mfuko kwa mkono mmoja, akayasoma maandishi yake, akauweka juu ya mizigo mingine, mahali ambapo mkono unafika haraka.